Majina Yaliyosomwa Kanisani

Nikinusa udongo mbichi wa vyungu, namkumbuka mama Jumapili ile, mikono yake ikinukia hivyo ndani ya kanisa la shule ya misheni. Baada ya ibada mwalimu alisoma habari za kijiji: ndoa moja, mbuzi aliyepotea, kisha majina ya wanaume wa kubeba mizigo ya vita vya Wadachi, wale Wajerumani waliotutawala. Baba alikuwa wa tatu.

Mama alisimama. “Mwalimu, huyu ana homa. Hata ziwani kuvua haendi.”

“Mama, mimi nimepewa karatasi niisome tu.”

Askari walikuwa mlangoni. Baba alivibandua vidole vyangu kwenye nguo yake, kimoja kimoja, akawafuata. Tangu hapo, kila Jumapili mama alisikiliza matangazo hadi mwisho, majina ya waliorudi na ya waliokufa. Jina la baba halikusomwa tena.