Makubadhi ya Ami Seif

Juzi, mlangoni mwa msikiti mmoja wa Hail, niliona makubadhi mekundu yenye uzi wa kijani, nikashindwa kuvua viatu vyangu.

Ijumaa moja ya utotoni mwangu, nyumba yetu ya Darsait ilinukia udi na biriani iliyopoa bila kuguswa. Katika mji mmoja wa Ulaya, mzungu mmoja alikuwa ameingia msikitini na bunduki iliyochorwa msalaba, akawamiminia risasi watu waliosujudu. Alidai Mungu wake kamtuma kuisafisha nchi ya wazungu. Hayo nimeyajua ukubwani. Siku ile nilijua tu kwamba Ami Seif, mdogo wake baba, anasoma mji ule.

"Nnampigia, hapokei," bibi alikuwa akirudia.

Televisheni ikaonyesha mlango uliotobolewa risasi, damu kwenye ngazi, na viatu. Nikaruka kwa furaha.

"Bibi! Makubadhi ya Ami Seif yale, uliyomnunulia sokoni Matrah!"

Bibi alipiga ukelele, akajipiga kifua, akaangukia sinia. Nikamshika mkono, nikambembeleza.

"Usilie, bibi. Viatu vyake si vile pale? Yumo ndani, bado anaswali."