Breki za Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alipeleka hati za mahakama kwa baiskeli miaka ishirini na sita. Watu walimwita Mhuri. Wakimwona kwenye kona walifunga mlango kwanza, kisha wakamsalimia dirishani. Hakupoteza hati hata moja. Ninalisema hili kwa sababu yamesemwa mengine.

Mwaka jana viganja vilianza kumfa ganzi. Baiskeli yake ilikuwa kuukuu, ya milimani, na usukani ulionyooka uliiweka mikono yake namna ileile kutwa nzima. Siku moja kalamu ikamdondoka mbele ya karani mkuu, naye akamwambia, "Mzee Mhuri, mwezi huu nikuone unamaliza mzunguko wako, au ukapumzike nyumbani."

Shemeji hana mke wala mtoto. Alikuwa na mzunguko. Akatafuta usukani wa mtumba uliopinda kama pembe za kondoo, wenye mahali patatu pa kushika, pamoja na vishikio vyake vya breki. Akatandaza magazeti sebuleni kwangu, akang'oa vipini vya zamani kwa maji ya sabuni, akapitisha waya mpya, akauviringishia usukani mpya utepe mweusi taratibu kama anayefunga kidonda. Matairi ya meno akayabadili kwa laini.

Fundi baiskeli wa kona alikuwa akipita, akasimama mlangoni.

"Mzee, punda umemtia pembe. Sasa utamkamua?"

"Ukinyamaza utapewa maziwa," shemeji akamjibu, tukacheka sote.

Fundi akabinya breki, kicheko kikamwisha. "Vishikio hivi vinavuta waya kidogo, na breki zako za zamani zinataka waya uvutwe sana. Havipatani. Ngoja nikuletee..."

"Fundi," nikamkata, "nyumba hii watu wamesoma. Ahsante."

Sauti yake ilikuwa kubwa na majirani walikuwa barazani. Sikutaka isemwe kwamba ukoo wa mume wangu unafundishwa mlangoni. Shemeji alinitazama, akainama. Tangu kaka yake afariki hakuwahi kunipinga mbele ya mtu. Akakaza waya mpaka mpira wa breki ukakaribia kusugua rimu, akajaribu barabarani, pale penye tambarare.

"Inatosha, shemeji," akasema, kwa sauti ya kuniridhisha mimi.

Njia ya mahakamani ni mteremko. Jumatatu alibinya mpaka vishikio vikagusa usukani, na baiskeli ikaenda tu. Akapita lango, akampita askari aliyekuwa akimpungia mkono kama kawaida, akaishia kwenye ukuta wa masjala. Bega likavunjika. Hati zote zilikutwa mkobani, zimepangwa kwa mitaa.

Nilimwendea karani mkuu nikiwa na maneno yangu tayari: kwamba ganzi ilikuwa imepungua, kwamba shemeji alibana breki kwa nguvu zake zote, kwamba aliyemzuia fundi ni mimi. Karani akanipa kiti.

"Mama, uzee si aibu. Mikono yake imeshindwa na breki. Barua yake ya kustaafu tumeshaiandika."

Mlango ulikuwa wazi na makarani wawili wameacha kuandika. Nikasema ahsante, nikaondoka na maneno yangu.

Nyumbani shemeji alikuwa amelala chali, bega limefungwa.

"Umewaambia nilibana?"

Nikamwekea mto vizuri.

"Wamekushukuru sana, shemeji," nikasema.