Mtani wangu alipoikataa ruzuku

Moyo wangu unagoma kupokea. Mwalimu Bakari wa Chinongwe tumemzika jana alasiri, na leo nimeamka nikitunga utani wa kumchokoza. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi mnaonifuata humu hamkumjua. Mnanijua mimi, mzee anayeandika kwa kidole kimoja na kubishana na kila mtu habari za shule. Leo msomeni aliyenifundisha kubishana.

Yeye Mmwera, mimi Myao. Sisi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata msibani, nawe huna ruhusa ya kununa.

Miaka ya hamsini mwanzoni tulikuwa walimu vijana wa shule za vijijini, yeye kwao Chinongwe, mimi huku Nachingwea. Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wanafunga virago, matrekta yanaota kutu porini. Sisi tuliokota karatasi walizotupa, tukaandikia maandalio ya masomo upande wa nyuma.

Bakari ndiye aliyeanzisha mkutano wetu wa Jumamosi. Mwalimu mmoja anafundisha shuleni kwake mbele ya wenzake, watoto wakiwepo, kisha anakosolewa. Vijana mnaita feedback. Ila kwetu anayekosoa lazima awe mtani wa aliyefundisha.

Alikuwa anakuja na baiskeli isiyo na breki, anaisimamisha kwa katambuga za matairi. Alifika vumbi tupu, na kabla ya salamu kaanza kunisema kwamba darasa langu halijafagiwa.

Kisha serikali ikatangaza ruzuku kwa vikundi vya walimu: vitabu, chaki na nauli. Tuliitaka mno. Wenzetu wa mbali walikuwa wanakuja kwa miguu, na tuliona wazi kwamba bila nauli wataacha.

Lakini vigezo na masharti havikuanza na simu zenu. Mkutano uongozwe na mwalimu wa daraja la juu, na yeye peke yake ndiye akosoe. Sisi sote tulikuwa daraja moja, lile la chini.

Mwalimu mkuu mmoja wa mjini akatuonea huruma. Akasema andikeni jina langu, mimi sitakuja, nyie endeleeni na mambo yenu. Tulifurahi. Bakari akakataa katakata.

"Watoto tunawachapa kwa kunakili," alisema. "Halafu sisi tuandike mtu ambaye hakuja?"

Akajaza ukweli kwenye fomu ya maombi. Penye kiongozi wa mkutano akaandika: mtani wa anayefundisha. Afisa wa elimu alipolisoma hilo, akaja mwenyewe kuona.

Tulikutana Chinongwe, zamu ya Bakari. Bakari akafundisha sehemu, robo na nusu, kwa kukata muhogo mezani. Alifundisha vizuri, lazima niseme. Zamu yangu ikafika, nikasimama.

"Muhogo umeugawa sawasawa, Mwalimu. Lakini watoto wa nyuma hawakuuona hata ganda. Nyie Wamwera mkipata chakula mnageuza mgongo."

Darasa zima likacheka. Bakari naye akacheka, akachukua kisu na muhogo mwingine, akaenda kusimama katikati ya madawati, akaanza somo upya. Safari hii watoto wa nyuma ndio waliojibu.

Afisa hakucheka. Alimwuliza Bakari, "Huyu ni mkubwa wako?"

"Hapana, bwana. Mtani wangu."

"Basi amekutukana mbele ya wanafunzi."

Jibu lilikuja baadaye. Hatustahili, mpaka tupate mkubwa wa kutukosoa na tuache mizaha.

Tukakaa Chiola kuamua. Mwalimu wa pale, mtu mwema sana, akasema tukubali, miguu yake imekwisha. Hakuna aliyemcheka. Ndipo Bakari akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote.

"Mkubwa akinikosoa nitamwitikia ndiyo bwana, na Jumatatu nitafundisha vilevile. Huyu Myao akinikosoa nalala na hasira, asubuhi najirekebisha. Mimi ruzuku hiyo siitaki."

Hatukuitaka. Uamuzi huo tuliulipia, msidhani ilikuwa rahisi. Mwalimu wa Chiola aliacha kuja, na wengine wakamfuata. Tuliobaki tulichangishana ufuta tukauza sokoni Ruangwa, tukanunua chaki. Jumamosi zetu ziliendelea mpaka mkoloni akaondoka, na zikaendelea baada yake.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kikundi cha walimu hakiwezi kusimama bila mfadhili, mlete kwangu. Nitamketisha chini.

Jana makaburini, baada ya dua, wakaniita mimi mtani nitoe neno. Nikasema huyu Mmwera alikuwa mkaidi, mwandiko wake kama kuku kaparua mchanga, na mgeni kwake alikunywa chai bila sukari. Watu wakacheka, wanawe pia. Kisha nikakaa chini nikalia, na sioni haya kuwaambieni.

Kinachoniuma ni hiki. Tangu nistaafu kila mtu ananisifu. Mzee umenena, mzee hongera. Bakari peke yake ndiye aliyekuwa akinipigia: "Myao, ulichoandika jana nusu yake uongo. Futa." Nami nafuta.

Jumamosi hii nakwenda shule ya jirani. Walimu vijana wameniomba niwafundishie somo la mfano, nami nimekubali kwa sharti moja tu: kwanza wanitafutie Mmwera akae nyuma ya darasa.

Ulale salama salimini, Bakari. Mungu akupe nafasi njema huko uliko.

Andiko hili nimelirudia tangu alfajiri. Najua lina kosa mahali, na simu haijalia.