Daktari wa Dirishani

Kuna asubuhi moja ya miaka ya tisini ambayo bado naikumbuka, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia unataka kusomea uuguzi, afadhali nikusimulie kabla hujaondoka.

Nilikuwa muuguzi peke yangu katika zahanati ndogo huko Balambala. Daktari alikuwa Garissa, na mvua iliponyesha barabara ilikuwa haipitiki. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepima, niliyetambua ugonjwa, niliyetoa dawa, niliyezalisha, na niliyeamua nani apelekwe mjini. Nilikuwa msichana mwenye haya. Kazi ikiisha nilijifungia chumbani, nikisikiliza mbuzi wa watu wakirudi.

Nyuma ya zahanati palikuwa na vibanda vya wagonjwa wa kifua kikuu. Mfugaji akiugua, jamaa zake walimwacha pale miezi mingi ameze dawa nikimwona, wao wakahama na mifugo. Ndivyo alivyoachwa Adeer Shire. Adeer kwa Kisomali ni baba mdogo, na ndivyo tunavyomwita kila mzee wa kuheshimiwa. Kila siku alikuja dirishani, nikampa vidonge, akameza, nikafunga dirisha.

Kikohozi kilipokoma, alikuja na fimbo na kibuyu cha maji.

"Mvua imenyesha kule. Naenda kwa ngamia wangu."

"Adeer, dawa hazijaisha. Ukiacha sasa ugonjwa utarudi ukiwa mkali zaidi, uwaambukize na wajukuu."

"Hayo umeshasema, daktari wa dirishani. Makohozi yangu unayajua, hata mkojo wangu uliogeuzwa mwekundu na vidonge unaujua. Ngamia wangu je? Unamjua hata mmoja kwa jina?"

"Simjui."

"Sasa nibaki hapa niongee na nani? Na fisi?"

Nilifungua mlango, nikatoka na birika la chai, nikaketi chini karibu naye. Nikamwambia, "Nitajie."

Akanitajia majike mmoja mmoja: yupi anauma, yupi hatoi maziwa mpaka aimbiwe. Jua likapanda. Alipomaliza alitazama njia kwa muda mrefu, kisha akalaza fimbo chini.

"Madume nitakuambia kesho. Lete vidonge."

Alibaki, lakini usidhani alifurahi. Siku nyingi nilimsikia akiwaimbia ngamia wasiokuwepo. Wanawe walipokuja kumchukua alikuwa amepona. Akaenda nao, akiwauliza habari za mifugo, na zahanati ikawa kimya kuliko mwanzo.

Mwanangu, soma kupima, soma dawa, usome kwa bidii, maana huko utakakopelekwa huenda usiwe na wa kumuuliza. Lakini yule unayemtibu naye ameacha watu wake. Usimpe dawa tu ukaondoka. Kaa naye, muulize anamkumbuka nani, hata kama una haya kama mimi. Na akipona, mwache aende, hata ukibaki peke yako.

Allah akufungulie njia, atie shifaa mikononi mwako, na popote utakapopelekwa akupe mtu wa kukujulia hali. Amin.