Ndege Ikitua, Shuka

Kampuni ile ya ndege za bei nafuu ilipofungua ajansi, ofisi ya tiketi, hapa Kalemie, ilibandika ukutani bango lenye ramani. Lubumbashi ilikuwa nyota nyekundu, na kutoka kwenye nyota ilitoka mistari saba iliyonyooka kwenda miji saba, mmoja wao wetu. Chini iliandikwa kwamba safari zote ni za moja kwa moja. Nilinakili ramani hiyo katika kaye yangu, daftari ambamo naandika mambo ninayotaka kuyaelewa mwenyewe. Mimi ni fundi wa vyerehani. Shule niliishia darasa la sita. Mengine niliyasoma kwenye meza ile ile ninayofungulia mashini za watu.

Kwa majuma kadhaa niliandika kila siku na saa ambayo ndege ilipita juu ya karakana. Ilikuja Jumanne na Ijumaa, na haikuja asubuhi mapema hata mara moja. Nikaelewa kwamba inalala Lubumbashi. Mji ambamo ndege inalala ndio unaopata saa nzuri. Sisi wa mwisho wa mstari tunaipata ikiwa imekwisha kuchelewa kwa mvua ya wengine na mizigo ya wengine. Nikaelewa na jambo la pili, ambalo lingetosha kunionya. Kampuni ilikuwa na ndege moja tu, ya viti kumi na tisa. Nilipojaribu kuigawia mistari saba ndani ya juma, juma liliisha kabla ya mistari. Niliandika pembeni: "Haiwezekani. Uliza."

Nikaenda kuuliza. Karani wa ajansi, mwanamume wa umri wangu mwenye tai fupi, alinisikiliza huku akitengeneza kalamu yake.

"Papa, weye unasafiri ao unatukagua?"

"Nauliza. Ndege moja inawezaje njia saba bila kupitia popote?"

"Haipitii popote. Unapanda hapa, unashuka Lubumbashi. Unataka nikuimbie?"

Nilimwamini kwa sababu nilihitaji kumwamini. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu huitwa Yaya, aliyenilea kijijini Mpala baada ya mama yetu kufa, alikuwa amefunikwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliuza samaki wakavu, mikebuka ya ziwani, kwa kuwapapasa, na mimi alinijua kwa kikohozi. Daktari wa hapa alimwandikia barua kwa wenzake ambao huja Lubumbashi mara moja kwa mwaka, wanapasua macho juma moja, wanaondoka. Zamu yake ilikuwa Jumatano. Kazi yao ingekwisha Jumamosi. Barabara, kwa mvua ile, haikuwa ya kufikiriwa, na tiketi ya pili ya kumsindikiza hatukuiweza. Basi ilikuwa ndege ya Jumanne, na mwanawe angempokea kule.

Nilimwandikia karatasi ya maagizo ya safari, mistari mitano kwa herufi kubwa. Hakuweza kuisoma, kwa hiyo nilimfanya aikariri.

"Namba nne, Yaya."

"Ndege ikitua, nashuka. Na isipotua?"

"Yaya!"

"Nauliza tu, kama weye. Mudogo wangu, miye nimevuka ziwa hili na watoto mgongoni, weye haujajua bado kufunga suruali."

"Rudia namba nne."

Alirudia. Nilimfanya arudie hata alipokuwa tayari kwenye mstari wa kupanda, na watu wakacheka.

Jumanne hiyo, saa tisa, mwanawe alinipigia simu kutoka Lubumbashi.

"Mujomba, mikebuka imefika."

"Vizuri. Mpe Mama simu."

"Mama hayuko. Ni mikebuka tu. Begi lake la samaki limeshuka, yeye hakushuka."

Nilifunga karakana, nikaacha cherehani cha mteja kimefunguliwa tumbo, nikaenda ajansi kwa miguu, kwa sababu nilitaka kufika nikiwa nimetulia. Sikufika nimetulia.

"Ile Mama ya miwani nyeusi?" karani alisema. "Alishuka Manono."

"Ndege ilifanya nini Manono?"

"Ilichukua watu. Huku viti vilibaki."

"Kwenye bango hakuna kituo cha Manono kati yetu na Lubumbashi."

"Bango lilichapwa zamani, Papa. Watu wa ndani ya ndege walimwambia abaki. Alikataa. Alisema mudogo wake amemwandikia. Tungemfunga kamba?"

Karatasi ilikuwa yangu. Dada yangu alikuwa ametii mstari wa nne kama ulivyoandikwa, na mstari wa nne ulikuwa umenakiliwa kutoka bango ambalo kaye yangu mwenyewe ilikuwa imekwisha kulikanusha.

Jioni nilimpata kwa simu ya mtu. Alikuwa kwa akina Mama wa parokia, amekula, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

"Nimetafuta Lubumbashi mpaka nimechoka," alisema. "Wamenambia iko mbele kidogo."

Zamu ya Jumatano ilipotea. Mwanawe alikwenda kwa madaktari, wakamwambia akifika kabla ya Jumamosi wataona. Kwa hiyo ilibaki ndege moja, ya Ijumaa. Nilirudi kwa karani kuuliza kama itatua Manono.

"Inategemea. Ikijaa hapa, inakwenda moja kwa moja. Ikibaki na nafasi, inatua kule kujaza."

"Na ikibaki na nafasi moja?"

"Weye Papa na hesabu zako! Moja, sijui."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mimi, niliyekuwa tayari nimeandika barua ya kurasa mbili kulalamikia kituo cha Manono, niliiweka mfukoni, na Ijumaa nikaenda uwanja wa ndege kuomba Mungu kituo hicho kiwepo. Nilisimama kwenye uzio na kuwahesabu abiria wa watu wengine. Kumi na nne walikuwa wamekwisha kupimwa mizigo. Wakaja watawa wawili, kumi na sita. Akaja mtu wa migodi na mkewe, kumi na nane. Kila gari lililoingia nililichukia. Sijawahi kutaka watu wa mji wangu wakose safari yao, na siku hiyo nilitaka hivyo kwa moyo wote.

Wa kumi na tisa alikuwa mama mwenye magunia mawili ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mzani ulimkataa.

"Acha gunia moja, Mama," alisema mpimaji.

"Niache gunia? Weye ungeacha mguu?"

"Mama, ndege haiwezi."

"Ile ndege iliandikwa bei nafuu. Sasa unafuu uko wapi, kwenye mifupa yangu?"

Walibishana muda mrefu. Mara moja alishika gunia dogo kama anayeliacha. Kisha akalirudisha juu ya lingine, akaketi juu ya yote mawili, akasema anangoja boti, boti halipimi watu kama nyama. Ndege iliondoka na kumi na nane. Nilimsaidia kubeba gunia mpaka barabarani. Alinishukuru sana, akaniita Papa mwenye huruma.

Saa moja na nusu nzima nilikaa kwenye jiwe nje ya uwanja, kaye juu ya goti, bila kuandika. Simu ililia. Nyuma ya sauti ya dada yangu nilisikia mashini ya ndege.

"Imetua," alisema. "Wanasema kuko kiti kimoja. Nipande, ao kwanza nikuulize?"

Alifika Lubumbashi Ijumaa alasiri. Jumamosi walimweka mwisho wa orodha. Walipasua jicho la kuume. Kwa la kushoto saa zilikuwa zimekwisha, wakamwambia arudi watakapokuja mwaka mwingine. Jicho moja lililobaki gizani ni la mstari wa nne, na mimi sina mtu mwingine wa kumpelekea barua yangu ya kurasa mbili.

Bandeji ilipotolewa aliomba mkoba wake, akatoa karatasi yangu. Watawa wa Mpala walikuwa wamemfundisha kusoma, na nilikuwa nimesahau. Alinisomea kwenye simu, neno kwa neno, mistari yote mitano.

"Mwandiko muzuri," alisema. "Sasa ndege ya kurudia. Inatua mara ngapi?"

Kaye ilikuwa mbele yangu, wazi kwenye ramani, nyota na mistari yake saba.

"Sijui, Yaya."

"Haya. Basi usiandike. Nitauliza muntu wa kiti cha pembeni."