Paka Niliyemfungulia Mlango Siku ya Nne

Tulihama Beni kwenda Butembo siku ya Jumatatu, mimi na mama yangu, pamoja na paka wetu wa kijivu. Mauaji yaliyotuondoa Ruwenzori, mtaa wetu wa Beni, yanajulikana na kila mtu wa kwetu, sina haja ya kuyarudia. Nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha darasa la tano katika shule moja ya Butembo. Tulipakia kitanda, masufuria na magunia mawili ya maharage kwenye kamioni, na paka tukamtia ndani ya tenga la kuku, tukaushona mdomo wa tenga kwa kamba. Alilia nusu ya njia. Nusu iliyobaki alinyamaza hata mama akaniambia nichungulie kama bado anapumua.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya vyumba viwili, ndani ya parseli, yaani kiwanja kimoja, yenye milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa wetu. Wa pili ulikuwa wa mama mmoja mchuuzi wa samaki, ambaye kila wiki alikwenda Kyavinyonge, ziwani, kununua tilapia na kurudi nao kwenye kamioni yake ndogo. Wa tatu ulikuwa wa bwana mmoja mtumishi wa serikali, aliyeletwa na kazi kutoka mkoa wa mbali sana, upande wa magharibi. Aliishi peke yake. Alivaa shati lililopigwa pasi hata siku ya mvua, na alipotusalimu aliweka Kilingala mbele na Kiswahili nyuma.

Mama aliniambia jioni ile ile tulipofika, "Paka hapana fungulia yeye mulango. Mpaka mwezi uishe."

"Mwezi muzima, mama?"

"Muzima. Paka haijue mutu, iko najua nyumba. Nyumba yake iko Beni. Ukimuacha atoke sasa, ataenda kuitafuta."

Nilicheka. Mimi ni mwalimu, nina diploma, na niliyaona maneno yale kuwa ya kizee. Tena chumba kilianza kunuka. Paka alikaa mchana kutwa chini ya kitanda, usiku akakwaruza mlango. Siku ya nne, Alhamisi asubuhi, nilipokuwa najitayarisha kwenda shuleni, alisimama mbele ya mlango akaniangalia, akalia mara moja tu, kwa sauti ya chini. Nikamhurumia. Nikafungua.

Alitoka tumbo likigusa ardhi, hatua moja, hatua mbili. Nikaona kweli ni mwangalifu, hana shida. Nikarudi ndani kuvaa viatu. Wakati huo huo yule bwana akawasha pikipiki yake uani, ikanguruma ghafla kama kawaida ya pikipiki kuukuu asubuhi ya baridi. Nilipotoka, yeye alikuwa tayari barabarani, na kamioni ya mama wa samaki ilikuwa inatoka kinyumenyume langoni, imejaa matenga matupu chini ya bashi, turubai lake. Paka hakuwepo.

Niliangalia juu ya mabati. Niliangalia nyuma ya vyoo, kwenye mikaratusi, ndani ya mtaro. Niliita. Nilichelewa shuleni, nikasimama mbele ya watoto nikashindwa hata kuandika tarehe ubaoni.

Siku ya Ijumaa nilizunguka mtaa mzima nikigonga sahani ya bati kwa kijiko, maana ndivyo tulivyomwita Beni wakati wa chakula. Mvua ilininyeshea. Tangu Alhamisi mama na mimi hatukuongeleshana. Pale kwenye robine ya maji, ambapo wanawake wa mtaa hupanga madumu yao, mmoja wao aliniuliza ninatafuta nini. Nilipomwambia, aligeuka kuangalia mlango wa tatu wa parseli yetu, halafu akashusha sauti.

"Madame, hapana poteza miguu. Batu ya kule kwabo banakulaka paka. Hukujua?"

Wengine waliguna. Hakuna aliyesema amemwona akila. Hakuna aliyesema amemwona hata na paka mkononi. Lakini maneno yale yaliniingia, nikalala nayo.

Jumamosi yule bwana alirudi kutoka safari ya kikazi, na Jumapili, tulipotoka misa, nilisikia harufu ya nyama kutoka kwenye mbabula yake, jiko la makaa. Nilichukua takataka zangu kwenda kuzitupa. Ndani ya shimo, juu ya maganda ya ndizi, palikuwa na kipande cha ngozi. Cha kijivu, chenye manyoya, kimelowa damu.

Sikuinama nione vizuri. Sikuchukua kijiti nikakigeuza. Nilimwaga takataka pale pale miguuni mwangu na kwenda moja kwa moja kwenye mlango wa tatu, nikiwa bado na nguo za kanisa, na nikaanza kupiga kelele kabla sijafika. Watu waliokuwa kwenye robine wakaacha madumu yao wakaja hadi langoni.

"Papa, umekula paka yangu! Umekula paka yangu, na jana umetusalimia!"

Alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, kijiko mkononi. Aliinuka polepole. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa namngojea anitukane. Aliangalia watu langoni, akaniangalia mimi, halafu akaingia ndani na kutoka na karai. Akaweka mkono ndani ya karai akainua kichwa cha mnyama, amekishika kwa masikio. Masikio marefu, mawili, yamelegea.

"Ni lapin, Madame," alisema. "Sungura. Nilinunua jana ku soko."

Mtu mmoja langoni alicheka, na wengine wakamfuata. Nyuma ya yule bwana, kwa mlango uliokuwa wazi, niliona meza ndogo yenye kitambaa, na juu yake sahani tatu.

Mama alikuwa amefika kwa mwendo wake wa pole. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Jana aliniuliza kama tunakula lapin," aliniambia kwa sauti ndogo. "Alitaka kutukaribisha. Mie nilikubali, nikasahau kukuambia. Weye hukuniongelesha, mie sikukuongelesha."

Yule bwana alikirudisha kichwa cha sungura ndani ya karai. Aliniuliza jambo moja tu, "Paka ilipotea siku gani?"

"Alhamisi. Asubuhi."

Alitikisa kichwa, akaichukua sufuria yake kwa matambara mawili, akaingia ndani na kufunga mlango. Sijui kama alikula. Sisi hatukula siku ile. Mama aliketi kitandani na rozari, mimi nikaketi kwenye magunia ya maharage, na kila nilipofumba macho niliziona zile sahani tatu.

Jumatatu, wakati wa mapumziko shuleni, simu yangu ililia. Ilikuwa namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, upepo mwingi, kelele za watu na za ndege wa ziwani.

"Ni Madame ya paka? Mie ni jirani yako, mama wa samaki. Niko Kyavinyonge. Paka yako iko huku."

Nilifikiri nimesikia vibaya. "Iko wapi?"

"Huku ku ziwa! Tulipofika Alhamisi, tunavuta bashi, kitu kikaruka kikanigonga hapa ku kifua! Nililia Yesu Maria! Dereva alianguka ndani ya matope. Mie nilidhani ni paka ya porini, sikujua ni ya mutu. Ilikimbilia chini ya mitumbwi, na sasa iko nakula matumbo ya samaki pamoja na bamama benye kupasua. Inanona, Madame!"

Watoto walikuwa wanacheza mpira mbele yangu na mimi sikusikia sauti yao hata kidogo.

"Lakini nani amekuambia ni ya kwangu?" nilimwuliza. Nilikuwa na siku nne tu katika ile parseli mama wa samaki alipoondoka. Hakuwahi kumwona paka wangu.

"Ni yule papa wa mulango wa tatu. Amenipigia leo asubuhi, na namba yako ameipata kwa mama yako. Amesema alipowasha pikipiki yake siku ile, aliona kitu cha kijivu kinaingia chini ya kamioni yangu. Hakujua kama paka imepotea, yeye alikuwa ku safari. Ndiyo ananiuliza, mama, hapana kitu ilitoka ndani ya matenga yako?"

Nilikaa chini kwenye baraza ya darasa. Kumbe mtu niliyemwita mla paka mbele ya mtaa mzima alifunga mlango wake akaanza kufikiri paka wangu amekwenda wapi. Nimepata mishtuko mingine maishani, mikubwa kuliko huo, na mtu wa Beni ataelewa. Lakini mishtuko ile ililetwa na watu wengine. Huu niliuleta mwenyewe.

Jumatano kamioni ilirudi. Mama wa samaki alishuka na tenga lililofunikwa kwa wavu, na ndani yake paka wetu, mnene, ananuka ziwa zima, hana habari na mtu. Walikuwa wamemnasa kwa wavu wa kuvulia. Mama yangu alimpokea paka, akamwambia mama wa samaki "Wasingya" mara tatu, ndilo aksanti la Kinande, lugha yetu, kisha akamfungia paka chumbani yeye mwenyewe na ufunguo akautia kifuani.

Jioni ile kabla jua halijazama nilikwenda kwenye mlango wa tatu. Yule bwana alinifungulia lakini hakunikaribisha.

"Papa, nimekuja kuomba pardon."

"Paka imefika?"

"Imefika. Ni kwa sababu yako imerudi. Nisamehe."

Alitazama mikono yake. "Madame, ile maneno mie nimeisikia mara mingi. Ku robine, ku bureau, hata ku kanisa. Nilishazoea. Lakini kwa mutu mwenye kufundisha batoto..." Hakumalizia. Kisha akasema, "Na hukuisema mbele yangu peke yangu. Uliisema mbele ya batu bote."

Nilielewa alichotaka, na niliogopa. Nilijiambia nitafanya kesho. Kesho ikawa wiki, na wiki zikafuatana.

Katika wiki hizo tulimfuga paka kama mama alivyotaka. Nilikata dumu kuukuu kwa ubavu nikalijaza majivu na unga wa mbao, akajisaidia humo. Dirishani nilipigilia wavu ili aone uani, asikie pikipiki na majogoo na kamioni, avizoee akiwa mahali salama. Blanketi lililotoka Beni sikulifua, maana mama alisema harufu ile ndiyo nyumba yake kwa sasa. Kila siku saa ile ile nilimgongea sahani kabla ya kumpa chakula, hata akawa anakuja mbio kabla kijiko hakijagusa bati mara ya pili. Nilipita pia nyumba kwa nyumba kuuliza nani ameweka sumu ya panya na wapi. Nyumba mbili walikuwa nayo nje, karibu na maharage yaliyoanikwa, wakakubali kuihamishia ndani na kufunga mlango.

Mwezi ulipoisha tulichagua Jumapili mchana. Tulikuwa tumemwacha paka na njaa kwa makusudi. Kamioni ilikuwa ziwani, tulikuwa tumeliangalia hilo mara mbili. Niliweka blanketi kizingitini, nikaacha mlango wazi nyuma yangu, nikaketi chini. Alitoka. Alinusa kila jiwe. Alifika hadi kwenye ukuta, akasugua shavu, akarudi hadi kwenye blanketi, akatoka tena. Baada ya muda wa kusali fungu moja la rozari niligonga sahani, naye akaingia. Kesho yake tuliongeza muda kidogo, na keshokutwa tena kidogo.

Siku ile ya kwanza, alipokwisha kula na mlango umefungwa, niliona sina tena cha kusingizia. Nilichukua dumu nikaenda kwenye robine. Walikuwepo karibu wote, na yule mwanamke wa maneno yale alikuwepo, na bwana wa mlango wa tatu alikuwa mwishoni mwa mstari na madumu yake mawili ya njano.

Nilisema kwa sauti ya darasani, maana sauti nyingine isingetoka. "Bamama, nilisema uongo juu ya huyu papa. Paka yangu ilienda Kyavinyonge ndani ya kamioni, na ni yeye aliyeipata. Nilimshitaki bila kuona kitu. Nilifuata maneno tuliyosema hapa, na maneno yale ni bongo, ni uongo mutupu. Papa, mbele ya hawa wote, nisamehe."

Hakuna aliyecheka safari hii. Yule mwanamke alishughulika na kifuniko cha dumu lake, akakifunga na kukifungua. Maji yalikuwa yanamwagika na hakuna aliyefunga robine.

Yule bwana alisogea, akafunga robine kwa mkono wake, akasema, "Nimesikia, Madame."

Hakusema amenisamehe. Lakini Jumapili iliyofuata mama alipika fufu na maharage, akanituma nikamwite, naye akaja na shati lake la pasi, akala, akaongeza. Alimwuliza mama habari za Beni, na mama, ambaye hakuwa ameongea habari zile na mtu yeyote tangu tulipohama, alimweleza mpaka chai ikapoa.