Shina la Annastella

Mama yangu hapendi migomba yake iguswe. Kwetu Nshamba, mkungu ukishakatwa, shina linalazwa kibanjani lioze, lirutubishe migomba mingine. Mkamwana wake Annastella alipojifunza kutengeneza karatasi na kuomba mashina, Mama alimpa moja kwa kinyongo: “Unalinyang'anya shamba langu chakula.”

Mimi ningenuna. Annastella alichuna nyuzi, akazichemsha kwa majivu, akazitwanga zikawa rojo, akaianika kwenye chekeche. Karatasi za kwanza zilichanika zote. Alizibeba pamoja na makapi, akazitandaza pale pale lilipotoka shina, kisha akaomba lingine. Alifanya hivyo mpaka zikatoka imara.

Jana Mama alikata mkungu. Kabla hajaweka panga chini aliita, “Mkamwana, shina lako hili hapa.”